Kusokota au kuvuta hariri: msokoto wa Chen na wa Yang, na wapi pa kuanzia

Anayeingia kwenye taichi, sanaa ya Kichina ya mwendo na mapigano, akitafuta mzunguko wa ndani hukutana mapema na maneno mawili ya Kichina yanayokaribiana. La kwanza ni chansijin, nguvu ya kusokota uzi wa hariri, na hilo ni neno la watu wa mtindo wa Chen. La pili ni chousijin, nguvu ya kuvuta uzi wa hariri, nalo husikika zaidi kwa watu wa Yang. Wako wanaosema ni jambo moja lenye majina mawili. Kwa bingwa wa miaka 30 huenda ikawa hivyo, lakini kwa anayeanza sivyo hata kidogo. Misuli inayochoka ni mingine, makosa ni mengine, na goti hubeba mzigo tofauti.

Msimamo wetu tuuweke wazi mapema. Ukitaka kujifunza msokoto wenyewe, anza na mazoezi ya kusokota hariri ya Chen, yale ya kusimama mahali pamoja, hata kama mfululizo wa miondoko utakaokuja kuupenda ni wa Yang. Ukitaka afya, usawa wa mwili na utulivu, na magoti yako yana historia, nenda Yang moja kwa moja wala usijione umepungukiwa. Yanayofuata ni sababu zake.

Picha ya hariri ilikotoka

Kifukofuko cha kiwavi wa hariri ni uzi mmoja usiokatika, wenye urefu wa mamia ya mita, na wakati mwingine unapita kilomita. Mvutaji hukitia kwenye maji ya moto ili gundi ilegee, hutafuta ncha, kisha huvuta. Akivuta kwa pupa, uzi unakatika. Akisitasita, unalegea na kujinasa. Na wakati wote huo kifukofuko chenyewe kinazunguka majini.

Mitindo yote miwili imechota kwenye picha hiyo, ila kila mmoja umetazama upande wake. Yang umetazama mkono wa mvutaji: mwendo sawa, usio na mshtuko, usiokatika. Chen umetazama kinachozunguka: kila kiungo kijisokote kwenye mhimili wake, kama kamba ya usumba inavyosokotwa pajani, huku mwili mzima ukisonga.

Tofauti hii ina historia. Taichi ya Chen inatoka kijiji cha Chenjiagou, wilaya ya Wen, mkoa wa Henan, na chanzo chake hutajwa kuwa Chen Wangting wa karne ya 17. Yang Luchan (1799–1872), mtu wa Yongnian mkoani Hebei, alijifunza kijijini hapo kwa Chen Changxing, kisha akaenda kufundisha Beijing. Mjukuu wake Yang Chengfu (1883–1936) ndiye aliyeupa mtindo wa Yang umbo tunalolijua leo: mapana, taratibu, kasi ile ile mwanzo hadi mwisho. Miruko na vishindo vilipunguzwa, na msokoto ukafichwa ndani. Watu wengi nje ya Henan waliujua mtindo wa Yang kwanza, mpaka Chen Fake (1887–1957) alipohamia Beijing mwaka 1928 na kuanza kufundisha wa kwao. Kwa hiyo Yang ni mtoto wa Chen. Msokoto umo, lakini haujitangazi.

“Nguvu za ndani” kwa maana gani

Hapa pana ukungu mwingi, na ni vizuri kuutawanya kabla ya kulinganisha. Wachina hutenganisha mambo matatu. *Li* ni nguvu ya msuli ya kawaida, kama ya kunyanyua ndoo kwa mkono mmoja. *Jin* ni nguvu iliyofunzwa: inaanzia unyayo ukikanyaga ardhi, inapanda mguuni, inaelekezwa na kiuno, inatokea vidoleni, na hakuna kiungo kinachoikatiza njiani. *Qi* ni pumzi au uhai unaosemekana kuzunguka mwilini, na makao yake ni dantian, upana wa vidole vitatu hivi chini ya kitovu, ndani ya tumbo.

Kwa mazoezi ya kila siku, chukulia qi kama mahali pa kuweka umakini wako, na jin kama kinachopimika. Joto la viganja na vidole kuwasha kidogo ni ishara kwamba umelegea na damu inapita vizuri. Si cheti cha ufundi. Jin unaipima hivi: simama mkono mmoja ukiwa umekunjwa mbele ya kifua, mwenzako akusukume kigasha polepole. Bega likikaza na kifua kikirudi nyuma, unatumia li. Msukumo ukishuka hadi unausikia chini ya kisigino cha mguu wa nyuma, hapo kuna jin, japo kidogo. Kipimo hiki hakina mtindo, kitumie kwa Chen na kwa Yang.

Msokoto wa Chen, hatua kwa hatua

Zoezi la msingi ni la mkono mmoja. Chen Xiaowang, mzaliwa wa Chenjiagou mwaka 1945, amelifundisha katika nchi nyingi kwa vituo vinne, na tunalipendekeza kwa sababu kila kituo kina jambo moja tu la kukagua. Walimu hutofautiana kidogo kuhusu ni lini hasa uzito uhame, lakini mpangilio ni huu.

Tanua miguu, nafasi mara moja na nusu hadi mbili ya upana wa mabega, vidole vikiangalia nje kidogo. Mkono wa kushoto ushike nyonga. Mkono wa kulia uwe nje upande wa kulia, kimo cha bega, kiganja kikitazama nje, kiwiko kikiwa chini ya kifundo cha mkono. Uzito, asilimia 60 hadi 70, uko mguu wa kulia.

Kituo cha kwanza: kiwiko kinashuka, mkono unakifuata hadi mbele ya paja, na kiganja kinaanza kugeukia juu huku kidole kidogo kikiongoza. Mgeuko huu unaitwa shunchan. Uzito unahamia kushoto, kifua bado kinatazama mbele. Umakini unatoka mkononi kuja kiunoni.

Kituo cha pili: kiuno kinageuka kushoto, nao mkono unaletwa na mgeuko huo hadi mbele ya tumbo, kiganja juu. Mkono haujiendei wenyewe hapa. Umakini unafika dantian.

Kituo cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote. Mwili bado umeelekea kushoto, lakini uzito unarudi kulia. Mkono unapanda mbele ya kifua na kiganja kinaanza kugeukia nje, kidole gumba kikiongoza. Mgeuko huu ni nichan. Umakini unapita nyuma, kwenye mingmen, sehemu ya mgongo inayotazamana na kitovu.

Kituo cha nne: kiuno kinageuka kurudi kulia, mkono unafunguka kwenda nje, na mkondo unapita bega, kiwiko, hadi ncha za vidole. Nyonga zinakaa chini kidogo kama mtu anayegusa kiti kirefu. Umerudi ulipoanzia.

Mzunguko mmoja uchukue sekunde 8 hadi 10. Fanya 10 kulia, 10 kushoto, kisha mikono yote miwili. Dakika 15 kwa siku zinatosha kwa miezi mitatu ya kwanza, na nafasi unayohitaji haizidi mkeka mmoja. Pumzi iache ijiendee yenyewe. Ukiishika ili “kuijaza dantian” utapata kizunguzungu, na watu wenye shinikizo la damu hawana kabisa ruhusa ya mchezo huo.

Ukitaka kuona kwa nini kidole kidogo na kidole gumba vinatajwa sana, shika kigasha chako cha kulia kwa mkono wa kushoto, karibu na kiwiko, kisha geuza kiganja cha kulia juu na chini. Ndani ya kigasha kuna mifupa miwili. Kiganja kikiwa juu, mifupa hiyo imelala sambamba. Kikigeuka chini, mmoja unapita juu ya mwenzake na misuli inajizungusha kama kamba. Huo ndio msokoto halisi, wa nyama na mfupa. Sasa geuza tena, lakini safari hii anza mgeuko kiunoni na uache kigasha kikifuate. Utasikia bega linaacha kujitahidi. Tofauti ya mara hizi mbili ndiyo inayotafutwa miaka yote.

Kosa kubwa la Chen ni mkono kuchora duara hewani wakati kiuno kimelala. Chanzo chake ni jicho: mwanafunzi anautazama mkono, na mwili unatii kinachotazamwa. Dawa yake ni kuweka kidole gumba cha kushoto juu ya kitovu na kufanya zoezi zima ukifuatilia kidole hicho. Kitovu kikisimama, mkono usimame papo hapo. Ukiendelea sentimita tano zaidi, umejikamata.

Kosa la pili ni kukamua. Mwanafunzi akishasikia “msokoto”, anaukaza mkono kama anayekamua shuka iliyofuliwa, na mishipa inamtoka. Msokoto wa taichi unapita kwenye kiungo kilicholegea. Wachina huita hali hiyo song, na bila hiyo jin inakwama kwenye kiwiko. Kosa la tatu, bega kupanda kwenye kituo cha nne, hutibika kirahisi: shusha mkono kutoka kimo cha bega hadi kimo cha kifua kwa mwezi mmoja, ndipo uupandishe tena.

Mvuto wa Yang

Katika Yang hakuna mlolongo mrefu wa mazoezi ya msokoto pekee. Unaupata ndani ya mfululizo, na mahali bora pa kuutafuta ni “kushika mkia wa shomoro”, maana pale zipo nguvu nne za msingi kwa pamoja: peng (kukinga), lü (kuvuta nyuma), ji (kubana) na an (kusukuma).

Simama hatua ya upinde: mguu wa kulia mbele, wa nyuma ukiwa umegeuzwa nje nyuzi 45, upana wa bega kati ya mistari ya miguu, uzito asilimia 70 mbele. Hiyo ni peng, kigasha cha kulia kikiwa mbele ya kifua kama kimekumbatia mpira. Kwenda lü, kiganja cha kulia kinageukia chini na nje, cha kushoto kinageukia juu chini ya kiwiko cha kulia, kisha unakaa nyuma huku kiuno kikielekea kushoto. Angalia: kigasha kimoja kimefanya nichan na kingine shunchan kwa wakati mmoja. Kwenda ji, kiuno kinarudi, kigasha cha kulia kinajilaza mbele kiganja kikitazama kifua, na kiganja cha kushoto kinakiunga mkono karibu na kifundo. An ni kutengana kwa mikono, kukaa nyuma, na kusukuma kwa mguu wa nyuma.

Mtazamaji haoni msokoto wowote hapo. Anaona mikono inayopanda na kushuka taratibu. Ndiyo sababu kosa la Yang ni kinyume cha la Chen: harakati zinakuwa bapa, kama mlango unaofunguka na kufungwa, mikono ikiwa imegandishwa kwenye umbo moja. Mtu anaweza kufanya hivyo miaka kumi akiwa mtulivu, mwenye usawa mzuri, na asiwe na msokoto hata chembe. Dawa ni kurudia lü peke yake, mara 20 kila upande, ukihakikisha viganja vinaanza kugeuka pamoja na kiuno na vinamaliza pamoja na kiuno. Vikimaliza mapema, umetumia mikono. Vikichelewa, umesahau na sasa unarekebisha.

Jambo moja Yang hufundisha vizuri kuliko Chen ni uzi usiokatika. Mfululizo mrefu, unaohesabiwa kuwa miondoko 85, 103 au 108 kutegemea nani anahesabu, huchukua dakika 20 hadi 25 bila kubadili kasi. Hakuna pa kujificha. Chen hupishanisha polepole na haraka, na mlipuko wa nguvu, fajin, unaweza kuficha sehemu ambayo uzi ulikatika.

Wapo pia wanaoanza na mfululizo mfupi wa miondoko 24, uliotungwa na mamlaka ya michezo ya China mwaka 1956 kwa kufuata Yang. Unachukua dakika tano au sita. Ni mlango mzuri, ila usitarajie ukufundishe msokoto. Mitindo ya Wu na Sun ina njia zake, na tunaiacha kwa siku nyingine.

Goti

Hili ndilo tungependa kila anayechagua alisome mara mbili.

Nyonga ni kiungo cha mpira ndani ya kikombe, kimeumbwa kuzunguka. Goti ni bawaba. Likikunjwa huruhusu mgeuko kidogo tu, na likikunjwa likiwa limebeba uzito wa mwili, mgeuko huo unaisaga gegedu. Msokoto wa mguu unapaswa kutokea kwenye kinena na nyonga, sehemu inayoitwa kua kwa Kichina. Nyonga ikiwa imekaza, kiuno kinapogeuka lazima kitu kingine kigeuke, na kitakachogeuka ni goti.

Chen ni hatari zaidi hapa, tuseme wazi. Misimamo ni mipana na ya chini, na msokoto ni mkubwa. Kanuni zinazoliokoa goti si nyingi. Hamisha uzito kwanza, geuka baadaye, usifanye yote mawili kwa nguvu moja. Goti lielekee kidole cha pili au cha tatu cha mguu muda wote, na lisipite vidole. Anza na msimamo wa juu, kiasi kwamba unaweza kuzungumza bila kuhema. Likiuma upande wa ndani, kwa kawaida linaangukia ndani kwenye kituo cha pili au cha tatu, hivyo punguza mgeuko wa kiuno kwa nusu na uone. Maumivu yakibaki, acha na umwone daktari.

Viatu navyo vina kesi yao. Soli ya mpira yenye meno kwenye zege inaung'ang'aniza unyayo, na mgeuko unaokwama chini unahamia gotini. Vaa soli bapa na laini, au fanya kwenye udongo ulioshindiliwa. Mchanga laini haufai, kisigino kinazama.

Kwa Yang, hatari iko kwenye hatua ya upinde tu, pale mtu anapogeuza unyayo wa mbele ukiwa bado na uzito wote. Rudisha uzito nyuma, geuza kwa kisigino, ndipo uhame. Yang ndiyo iliyotumika pia katika utafiti wa Boston uliochapishwa 2016, wenye watu 204 waliokuwa na ugonjwa wa kuchakaa kwa gegedu ya goti. Taichi mara mbili kwa wiki kwa wiki 12 iliwapunguzia maumivu kwa kiwango kinachokaribiana na tiba ya viungo. Matokeo hayo hayapaswi kuhamishiwa kwenye Chen ya misimamo ya chini bila kufikiri.

Nani aende wapi

Una miaka chini ya 50, magoti mazima, na kinachokuvuta ni ile nguvu inayozunguka kutoka unyayoni: Chen, lakini si mfululizo. Miezi mitatu ya kusokota hariri kwanza, mkono mmoja kisha miwili, ndipo uingie Laojia Yilu, mfululizo wa kwanza wa Chen, wenye miondoko 74 au 75. Wanaorukia mfululizo moja kwa moja hujifunza maumbo, na kuyavunja baadaye ni kazi kubwa kuliko kuyajenga. Mfululizo wa pili, Erlu, wenye milipuko mingi, uache hadi mwalimu akuambie mwenyewe. Mwenye tatizo la pingili za mgongo auache kabisa.

Una miaka zaidi ya 60, au unarudi kutoka kwenye jeraha, au unataka jambo la asubuhi litakalodumu miaka 20: Yang. Chukua miondoko 24 kwanza, kisha mfululizo mrefu. Ongeza zoezi la Chen la mkono mmoja kwa msimamo wa juu, dakika tano tu, kama kiungo cha chakula.

Huna mwalimu na utajifunza kwa video: hapa jibu letu linashangaza wengi. Tunasema Chen, zoezi la mkono mmoja. Sababu ni kwamba ni zoezi moja lenye vituo vinne na unaweza kujipima kwa kidole kitovuni. Mfululizo wa Yang bila mwalimu huwa bapa, na hakuna cha kukuambia umekuwa bapa. Ila jirekodi kutoka mbele kila wiki, na utazame goti kabla ya kutazama mkono.

Una mwalimu karibu, wa mtindo wowote: mfuate huyo, lakini umwombe jambo moja kabla ya kulipa ada. Mwombe afanye mwondoko anaoupenda huku umeweka kiganja chako kwenye kiuno chake, juu kidogo ya nyonga. Kiuno kikianza kusogea kabla ya mkono, na ukasikia upande mmoja unakaa chini wakati mwingine unafunguka, umepata mtu wa kukufundisha. Mkono ukitangulia na kiuno kikabaki kimya chini ya kiganja chako, mshukuru na uendelee kutafuta.